Pembe Nne na Shingo ya Bomba

Shangazi yangu anaosha maiti. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu bila yeye haya yote yangebaki ndani ya kopo la vyuma chakavu karakanani kwangu, na mimi ningeendelea kuitwa bingwa wa stenlesi huku nikiitikia.

Anaosha wanawake tu, hapo Chumbageni mjini Tanga, katika chumba kidogo nyuma ya msikiti. Kazi hiyo aliipokea kwa mama yake. Sharti lake la kwanza, hata kabla hujafundishwa maji yanaanzia upande gani, ni kufunga mdomo. Muosha akiona kilema, kidonda, alama ya kipigo, jambo lolote ambalo marehemu aliishi akilificha, halisemi popote. Anamsitiri. Tangu nipate akili sijamsikia shangazi akitamka neno juu ya mtu aliyemuosha, na wambea wa mtaa wamemjaribu sana.

Mimi sikurithi mdomo huo. Wangu unatangulia, halafu ndiyo akili inafuata ikihema. Nina hasira za karibu, napenda kuchekesha watu, na napenda zaidi wakicheka kwa gharama ya mtu mwingine. Karakana yangu iko Nguvumali, na kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa mafundi wachache mjini wanaochomelea stenlesi kwa agoni. Mtu akitaka sinki la hoteli, reli za ngazi, au sufuria kubwa la pilau lililotoboka, ataambiwa nenda kwa yule wa Nguvumali. Kichwa kilivimba, nakiri.

Kwa asiyejua kazi hii, agoni ni gesi. Ndani ya tochi ya kuchomelea kuna sindano ngumu inayotoa moto, na kuizunguka sindano kuna kikombe kidogo cha kauri. Gesi inatoka humo na kukifunika chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Ikifunika vizuri, mshono unatoka mweupe, unang'aa kama fedha. Hewa ikipenya, stenlesi inaungua, inakuwa rangi ya majivu, na ndani unakuta vitundu kama vya mkate wa kumimina. Juu unaweza kuusaga na kuung'arisha mpaka mteja ajitazame uso wake humo. Vitundu vinabaki chini yake, na kutu inavijua vilipo.

Mshono ukinitokea mweusi, dawa yangu ilikuwa moja: naongeza gesi. Ukizidi kuwa mweusi, naongeza tena. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wengine kwa sauti kubwa.

Kisha akaja yule fundi wa Moa. Tulikuwa rika moja, mtu mwembamba, mpole, Mdigo wa huko karibu na mpaka, aliyekuwa amefanya kazi miaka kadhaa Mombasa katika kiwanda cha maziwa, akichomelea mabomba. Alirudi nyumbani kuuguza baba yake, na baba alipofariki akaja Tanga kutafuta riziki. Nikampa kona moja ya karakana. Wema wangu huo niliusimulia kwa kila aliyepita.

Wiki ya pili akaniona nikihangaika na mshono mweusi, mkono mmoja kwenye tochi na mwingine kwenye mtungi nikifungulia gesi.

"Fundi, ukiizidisha sana ndiyo inaharibu," akasema. "Inatoka kwa kishindo, inazunguka, inavuta hewa inaingia nayo ndani. Punguza. Halafu jaribu hii."

Akatoa kwenye leso kipande cha shaba, kirefu kama kidole gumba. Mdomoni kilikuwa na wavu mwembamba wa chuma, juu yake wavu mwingine, juu yake mwingine.

"Ni nini?"

"Lenzi ya gesi."

Karakanani siku hiyo walikuwepo wateja watatu na fundi rangi wa jirani. Mimi neno lenzi nililijua la miwani na la kamera. Lenzi ya gesi sikuwahi kuisikia, na badala ya kusema sijui, nikakinyanyua kile kipande juu wote wakione.

"Jamani, huyu bwana ametuletea chujio la chai! Leo tunachomelea kwa chai ya tangawizi!"

Wakacheka. Yeye naye akatabasamu kidogo, akangoja kelele zipungue, kisha akaendelea kunieleza kana kwamba sikusema kitu. Aliniambia, bomba la uani ukilifungulia kwa nguvu maji yanaruka hovyo, yanakulowesha mpaka magoti. Ukilifunga kitambaa mdomoni yanashuka kimya, yamenyooka. Zile nyavu ndicho kitambaa. Gesi ikipita humo inatoka imetulia, inafika mbali, na sindano unaweza kuivuta nje zaidi ukaingia kwenye pembe ambako kikombe hakitoshi. Nilimwelewa kabisa. Bomba letu la uani nyumbani lilikuwa limefungwa soksi ya mwanangu kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwelewa, na nikasema, "Haya, Bwana Chujio, asante kwa darasa."

Jina likamkaa. Baada ya mwezi hata wauza matunda walimwita Chujio. Mteja mmoja alipoelekezwa kwake akauliza kwa mzaha kama anauza na maandazi, akairudisha kazi kwangu. Niliipokea kazi ile.

Wakati huo ndipo ukoo mmoja wa Waarabu wa mjini, watu wa maduka na mashamba, walipofiwa na bibi yao. Wakataka kumwekea sadaka yenye kuendelea: kitanda kipya cha kuoshea maiti kwa chumba cha wanawake, kwa kuwa kile cha mbao kilikuwa kimeoza na kupinda. Walileta bati la stenlesi zuri sana, nene, halina mkwaruzo. Nikasema mkono wangu nautoa bure, kwa ajili ya Mungu. Nililisema hadharani, baada ya swala ya Ijumaa, na watu wakanishika mkono.

Kitanda chenyewe si kazi ya ajabu. Ni kama sinia refu lenye kingo, limeinama kidogo kuelekea miguuni, maji yakusanyike na kutoka kwa bomba. Kwa hiyo pembe nne za kufunga na shingo ya bomba la kutolea maji. Ile shingo ndiyo ilikuwa mtihani. Ilikuwa imebanwa chini ya ukingo, mahali ambapo kikombe cha tochi yangu hakikuingia. Ilinibidi niivute sindano nje, na nilipoivuta gesi haikufika. Nilijaribu kwenye vipande vya pembeni mara tatu, ikatoka nyeusi tii mara tatu.

Yule wa Moa alikuwa ameenda kuswali Adhuhuri. Leso yake ilikuwa juu ya meza yake. Nilitazama mlangoni kama mwizi, na mwizi ndiye niliyekuwa. Nikaifunga lenzi kwenye tochi, nikapunguza gesi kama alivyosema, nikaivuta sindano, nikaanza.

Sijui nieleze vipi. Miaka yote ile nilikuwa nikipigana na chuma, na siku ile hakikupigana. Kidimbwi cha moto kilikaa kimetulia mbele ya sindano, safi, naona kingo zake, natia waya nao unayeyuka pale pale nilipotaka. Nilizunguka shingo yote bila kunyanyua mkono. Nilipovua kofia ya kuchomelea, mshono ulikuwa mweupe, wenye rangi ya dhahabu kidogo pembeni, mzuri kuliko wowote niliowahi kuutengeneza. Nilikaa chini kuutazama. Nilifurahi kweli, na furaha hiyo ndiyo inayonitesa zaidi ninapoikumbuka.

Nikasikia kandambili zake uani.

Ningeweza kumwita. "Njoo uone, ulisema kweli." Maneno manne, na pengine angecheka na jina lile lingekufa siku hiyo hiyo. Lakini nyuma yake alikuwa anakuja fundi rangi, na nikaona uso wa fundi rangi utakavyokuwa, na nikasikia watakavyosema: leo bosi naye kanywa chai. Nikaifungua lenzi ikiwa ya moto, ikaniunguza vidole viwili, nikaitupa ndani ya kopo la vyuma chakavu chini ya meza.

Jioni alitafuta. Akapekua meza yake, akakung'uta leso, akainama sakafuni na tochi ya simu.

"Fundi, hujaiona lenzi yangu?"

"Sijaiona," nikamwambia. "Labda panya wamechujia chai."

Pembe nne nilizimalizia kwa mtindo wangu wa zamani, gesi imefunguliwa mpaka mwisho, inavuma kama pampu ya jiko. Zilitoka nyeusi. Mshono wa shingo ulikuwa pale pale, hatua moja, unaniangalia. Nilijua vilivyo ndani ya zile pembe kama ninavyojua jina langu. Nikachukua grenda, nikasaga, nikang'arisha kwa nusu siku nzima, na kitanda kikang'aa chote sawasawa. Siku ya kukikabidhi, mmoja wa wale Waarabu, mzee wa makamo, alilia alipokiona. Alinishika kichwa akaniombea dua. Nikasema amina.

Yule wa Moa hakukaa hata miezi miwili baada ya hapo. Kazi hazikuja kwake. Alikunja vitu vyake, akaniaga vizuri, akanishukuru kwa kona. Nikasikia anaunga ekzosi za bodaboda kwao.

Mwaka mmoja na kitu ulipita. Asubuhi moja shangazi akanipigia simu, akaniambia nije msikitini, chumba hakina mtu. Nilipofika alikuwa amesimama kando ya kitanda na ndoo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba'ngu. Hebu nikuonyeshe kitu."

Shangazi huniita baba kwa kuwa nimepewa jina la babu, baba yake. Katika kila pembe ya kitanda kulikuwa na kipande cha kanga kuukuu kimekunjwa na kubanwa. Akavitoa kimoja kimoja. Chini ya kila kimoja kulikuwa na kutu, rangi ya chai nzito, imetiririka mpaka kwenye ukingo. Pembe moja ilikuwa imepasuka na kuacha jino dogo la chuma.

"Imeanza zamani," akasema. "Kabla ya mfungo wa mwaka jana. Nasugua kwa ndimu na majivu, inarudi. Siku moja shuka jeupe la kumfunikia maiti likagusa hapo, likatoka na doa. Wenyewe wafiwa wapo mlangoni. Nikaligeuza doa likakaa chini. Tangu hapo naweka vitambaa. Wenzangu nimewaambia ni vya kuzuia maji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusitiri." Alisema kama mtu anayesema alikuwa anafagia. "Sasa hilo jino limemkata mwenzangu kidole. Haliwezi kufichika tena."

Uso wangu ulikuwa unawaka. Kwa mwaka mzima alikuwa amezifanyia pembe zangu yale anayowafanyia maiti, na mimi nimo mjini naitikia sifa.

Kisha akainama, akagusa shingo ya bomba kwa kidole.

"Mimi nastaajabu kitu kimoja. Maji yote yanapita hapa. Pembe hazilowi nusu ya hapa. Lakini hapa peupe, tazama, kama siku ya kwanza. Hapa alichomelea nani?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili, na nikaitupa kama ile ya kwanza. Ningesema mimi, lazima angeuliza kwa nini basi pembe ziko hivi. Nilikuwa radhi kuonekana fundi mbovu kuliko kuonekana nilivyo.

"Ni yule wa Moa," nikasema. "Amerudi kwao."

"Basi mwite yeye aje atengeneze pembe. Usichukie, baba. Huyo ndiye anayejua."

Nikampigia simu. Nilimwambia tu kuna kazi ya msikiti Chumbageni, kitanda cha kuoshea, pembe zimeoza. Hakuuliza mengine. "Kazi ya namna hiyo nakuja," akasema. "Ila lenzi sina, fundi. Ile yangu ilipotelea kwako, unakumbuka."

Nikasema nakumbuka. Usiku ule ule nililimwaga kopo, nikaipata, ina masizi upande mmoja. Nikaifuta na nikaanza kujifundisha maneno: nitamwambia nimeiokota nilipohamisha meza. Nilijaribu kuyasema kwa sauti ya mtu aliyeshangaa. Mtu mzima, mwenye mvi, nafanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo.

Alikuja siku ya tatu, asubuhi, na begi la vifaa. Shangazi alikuwa anatungojea chumbani. Kabla hata hajaweka begi chini, shangazi alimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mkono wako umetusitiri. Bomba lako ndilo peke yake halijatuaibisha. Mungu akusitiri duniani na akhera."

Yeye alinitazama mara moja, hakuelewa. Akachuchumaa. Akapitisha kidole gumba kuzunguka shingo, akainamisha kichwa akaitazama kwa chini, taratibu, kama anayesoma barua. Mshono ule usingetengenezeka kwa tochi yangu tupu, bila lenzi, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote Tanga. Alijua pia hakuutengeneza yeye. Niliona bega lake likitulia alipofika mwisho wa hesabu hiyo. Nilingoja.

"Amina, mama," akasema.

"Na hizi pembe za huyu baba'ngu? Zinatengenezeka?"

"Zinatengenezeka." Bado alikuwa amechuchumaa, ametugeuzia mgongo. "Upepo tu, mama. Pale karakanani mchana upepo unavuma kutoka baharini, unaipeperusha gesi. Fundi yeyote inamtokea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa ngumi, na nadhani ningeshukuru. Lakini mtu niliyempa jina la chujio, nikamkosesha kazi, nikamwibia chombo chake, alikuwa anatafuta upepo wa kunifunika nao, mbele ya mwanamke aliyenifunika kwa vipande vya kanga mwaka mzima.

"Hakukuwa na upepo," nikasema.

Yule wa Moa akageuka kunitazama.

"Shingo si yeye aliyechomelea, shangazi. Ni mimi. Kwa lenzi yake, niliichukua bila yeye kujua. Na nikamwambia sijaiona."

Shangazi akaitazama shingo. Akazitazama pembe, moja baada ya nyingine, akizunguka kitanda kama anavyokizunguka akiwa kazini.

"Na hizi?"

"Nazo mimi. Shingo ndiyo nilianza nayo."

Niliona akipanga mambo kichwani, kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

Hakuniita baba. Akaviokota vile vipande vinne vya kanga ukingoni, akanipa, akaniambia nikavifue. Nikatoka nje kwenye bomba la kutawadhia, nikachuchumaa, nikavisugua kwa sabuni kimoja kimoja, na machozi yananitoka kama mtoto. Sabuni ilikuwa nyingi na doa halikusogea. Watu wawili walipita, wakanisalimu kwa heshima, wakaniita fundi.

Kule ndani nilimsikia yule wa Moa akifungua begi lake na kupanga vifaa sakafuni. Kisha akanong'ona kitu na shangazi, nikasikia nyayo zake zikija mpaka mlangoni. Sikugeuka.

"Fundi," akaita. "Lenzi umekuja nayo?"

Ilikuwa mfukoni mwangu tangu alfajiri.

"Ninayo," nikasema.